Safu ya Karanga

Makala ya mia moja arobaini na tatu ilikuwa ya watu wa matofali. Mama Mizani aliisoma, akadhani macho yanamchezea, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya mtandio, akaisoma tena. Macho hayakuwa na kosa. Watu watatu wenye shahada zao walikuwa wameanika matofali ya udongo juani na kuyapima uzito kila saa, na katika sentensi ya pili ya kazi yao wakaitaja makala yake yeye, makala ya mbegu.

"Haya," alisema taratibu, kama mtu anayemfungulia mlango mgeni asiyemtarajia. "Karibuni na ninyi."

Akachukua kadi, akaandika namba, mwaka, ukurasa na maneno waliyoyatumia kumtaja, akaiweka kadi kwenye fungu la kushoto. Juu ya meza ndefu ya kupimia kulikuwa na mafungu matatu. La kushoto lilikuwa la waliomtaja kwa kupita njia, kama mtu anayesalimia kijiwe kizima ili asiambiwe ana maringo. La katikati lilikuwa la waliomnukuu kwa jambo ambalo hakulisema. La kulia lilikuwa la walioisoma makala na kuitumia. Fungu la kushoto lilikuwa limeanza kuinama.

Zilibaki makala mia nne sitini na tisa.

Kazi hii hakutumwa na mtu. Kamati ya vyeo ya chuo ilikuwa imemwomba ukurasa mmoja tu. Fomu ilisema: *Eleza kwa nini makala yako kuu imenukuliwa sana.* Wenzake waliokwisha kupita njia hiyo walijaza ukurasa huo wakisubiri chai ipoe. Waliandika ubora, wakaandika upekee, wakaandika mchango usio kifani, wakatia sahihi. Mama Mizani aliitazama fomu siku mbili nzima. Miaka thelathini iliyopita aliingia chuoni hapo kama karani wa ghala la mbegu, akajifunza mizani peke yake kwa kuifungua na kuifunga, akasoma kwa vitabu vya kuazima hadi akaitwa daktari akiwa na mvi. Jina la Mama Mizani alipewa na vibarua wa ghala kwa sababu hakuamini uzito wowote mpaka aupime mara tatu. Sasa mtu kama huyo ataandikaje sababu ya jambo ambalo hajalipima?

Kwa hiyo alichapisha orodha ya makala zote mia sita na kumi na mbili zilizomnukuu, akaanza na ya kwanza.

Faili ilitakiwa Ijumaa saa kumi. Leo ilikuwa Jumatatu. Kamati ile hukaa mara moja kila miaka mitatu, naye alikuwa na miaka hamsini na saba. Akifika sitini anakabidhi funguo. Uprofesa ulikuwa mbele yake safari hii, au haukuwepo tena.

Mlango ulisukumwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa mwalimu wa takwimu, mwandishi mwenziwe wa ile makala, mtu mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Daktari Wastani kwa kuwa kila jambo alilitafutia wastani, hata idadi ya vitumbua mezani. Alikuwa rafiki wa mume wake tangu ujana, ndiyo maana alimwita shemeji.

"Shemeji! Kadi zote hizi, umefungua kamari?"

"Nawasoma waliotusoma."

"Wote?"

"Wote. Nimefika mia moja arobaini na tatu. Kuna watu wa matofali."

Wastani alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Waache waje! Kwenye hesabu ya kamati, tofali na mbegu uzito wake mmoja. Andika kwamba ni makala bora, tutie sahihi, twende zetu."

"Ubora nitaupimaje? Ile yangu ya mbegu inavyopumua ni bora kuliko hii. Miaka sita ya kazi, kurasa arobaini. Imenukuliwa mara kumi na moja, na mara nne ni mimi mwenyewe."

"Na mara mbili ni mimi, kwa huruma."

"Ahsante."

"Hii ina kurasa nne, na imetupeleka kila mahali. Usiulize ng'ombe kwa nini anatoa maziwa, shemeji. Kamua."

Alipoondoka, Mama Mizani alisogeza kiti na kuchukua ya mia moja arobaini na nne.

Jioni ile na asubuhi ya pili yake alianza kuona njia. Wengi wa fungu la kushoto walimtaja kwa sababu aliyewatangulia alimtaja. Sentensi ilikuwa ileile, na mpangilio wa majina ndani ya mabano uleule, kama mbuzi wanaopita pengo moja la ua. Fungu la katikati lilimchekesha, kisha likamkera kidogo. Mtu mmoja, miaka tisa nyuma, aliandika kwamba makala yake imethibitisha kuwa jua huua fukusi, wadudu wa nafaka. Hakuwahi kuandika hata neno moja kuhusu fukusi. Lakini baada ya mtu huyo walikuja wengine kumi na tisa, na fukusi wakafa mara nyingine kumi na tisa, kwa jina lake.

Fungu la kulia ndilo lililomwambia jambo la maana. Wale walioitumia makala walisifu kitu kimoja tu, jedwali la ukurasa wa mwisho. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Unapima kilo moja ya mbegu, unaianika juani saa moja, unaipima tena. Gramu zilizopungua unazitafuta kwenye jedwali, chini ya jina la zao lako, nalo linakuambia saa ngapi zimebaki kabla ya kuweka ghalani. Hakukuwa na haja ya mashine wala umeme. Na jedwali lilienea ukurasa mmoja. Mtu angeweza kulikata kwa mkasi na kulibandika mlangoni, na wengi walifanya hivyo hivyo.

Aliandika pembeni mwa fomu, kwa penseli: *Wanatunukuu kwa sababu ya ukurasa mmoja unaobandikika.* Akaridhika. Jibu hilo lilikuwa limepimwa.

Ilikuwa Jumanne mchana alipofika kwenye makala ya mia tatu themanini na nane.

Ilikuwa ripoti fupi ya watu wa ugani. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha. Ukutani pa ghala lilibandikwa jedwali lake, limefunikwa karatasi ya plastiki, na chini yake watu wawili walikuwa wameinama juu ya turubai wakisambaza karanga. Karanga zilikuwa na maganda yake. Mama Mizani alilitazama turubai lile kwa muda mrefu. Kisha akasoma aya ya mwisho: *Wakulima walifuata jedwali kikamilifu. Hata hivyo, theluthi ya akiba iliota kuvu. Huenda ghala lilivuja.*

Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa daftari la miaka kumi na mitatu iliyopita. Ukurasa wenye jedwali la awali aliujua bila kutafuta. Safu ya tano, kwa mwandiko wake mwenyewe, ilikuwa na kichwa: *Karanga zilizomenywa*. Akafungua makala iliyochapwa. Safu ya tano: *Karanga*.

Barua ya mhariri wa jarida ilikuwa bado imebandikwa kwa gundi ndani ya jalada la daftari. *Jedwali lenu ni pana. Lienee ukurasa mmoja, la sivyo tutaligawa mara mbili.* Alikumbuka siku ile. Alikaa na mkasi na gundi, akapunguza vichwa vya safu kimoja kimoja. Maharage meupe yaliyopepetwa yakawa Maharage. Mtama mwekundu ukawa Mtama. Karanga zilizomenywa zikawa Karanga. Alifurahi lilipoenea. Alimwita hata Wastani aje kuona.

Maharage hayakudhurika kwa hilo, wala mtama. Lakini karanga ikiwa ndani ya ganda si kitu kimoja na karanga iliyotolewa. Ganda hukauka upesi, na kiini kimejificha ndani na maji yake. Ukianika saa moja, uzito unapungua kidogo tu, kwa sababu ganda halina tena cha kutoa na kiini hakijaanza kutoa. Jedwali likiona gramu zimepungua kidogo linasema: tayari, weka ghalani. Mkulima anaweka. Kuvu anashukuru.

Ghala lile halikuvuja.

Mama Mizani alikwenda shamba la chuo, ambako mavuno yalikuwa yameanza, akaomba ndoo moja ya karanga mbichi. Akazianika nje ya maabara, trei tatu zenye maganda. Alifuata makala yake mwenyewe hatua kwa hatua, kama mtu asiyemjua aliyeiandika. Jua lilipofika pembe ya ukuta, jedwali lilisema tayari. Akatia sampuli katika tanuri la maabara zilale humo mpaka asubuhi zikauke kabisa, ajue zilikuwa na maji kiasi gani.

Jumatano asubuhi akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kiwango salama cha karanga ni sehemu nane za maji katika mia. Zake zilikuwa na kumi na nne.

Alirudi kwenye kadi. Hakuruka hata moja. Mchana alimaliza ya mia sita na kumi na mbili, akaliingia fungu la kulia. Mia mbili na saba walilitumia jedwali. Kati yao thelathini na mmoja walianika karanga. Wanne walisema wazi walimenya kwanza. Tisa walisema wazi hawakumenya. Kumi na wanane hawakusema. Tisa na kumi na wanane, ishirini na saba. Aliandika namba hiyo juu ya karatasi safi akaipigia mstari.

Katibu wa kamati ya vyeo alikuwa mama mnene mpole, ofisi yake mwisho wa ukumbi, faili zimepangwa kama mikate dukani. Alimsikiliza Mama Mizani mpaka mwisho bila kumkata.

"Dada yangu," alisema, "nikuambie kitu ambacho hutakiona kwenye kanuni. Kamati haisomi. Kamati inahesabu. Wewe una mia sita na kumi na mbili, anayekufuatia ana sabini. Lete faili Ijumaa. Watakaa baada ya wiki tatu. Wakishamaliza, toa sahihisho lako, hata siku ya pili yake. Hutakuwa umesema uongo wowote."

"Na fomu inayouliza kwa nini?"

"Andika jedwali. Si kweli ni jedwali?"

"Ni kweli."

"Basi."

Ilikuwa shauri la mtu mwema, na Mama Mizani aliondoka nalo kama mtu aliyepewa mzigo mwepesi usio na mshiko. Wiki tatu. Alisimama dirishani pa ukumbi. Chini, vibarua wa shamba walikuwa wakipakia magunia ya karanga. Mavuno hayakuwa hapa tu. Kila mahali penye jua kama hili na udongo kama huu, wiki hii hii, mtu alikuwa amesimama mbele ya ukurasa uliobandikwa, kidole kikishuka kwenye safu ya tano. Wiki tatu ndizo wiki zenyewe za kuanika.

Alimkuta Wastani darasani akifuta ubao.

"Sahihisho linahitaji sahihi zetu sote wawili," alimaliza kueleza.

Wastani alikuwa ameacha kufuta. Chaki ilimjaa kwenye nyusi. "Umepima trei ngapi?"

"Tatu."

"Tatu!" Alitupa kifutio mezani. "Unataka kukata tawi tulilokalia kwa trei tatu? Shemeji, mimi sina makala nyingine. Nikienda mkutano wowote, wananitambulisha kwa jedwali lile. Huyu ndiye yule wa jedwali. Nikisaini hapa, nitakuwa nani? Yule wa kuvu?"

"Utakuwa yule aliyesahihisha."

"Hakuna anayemnukuu aliyesahihisha! Mia sita watatunukuu kwa kosa, na sahihisho litanukuliwa na wewe peke yako, mara nne."

Mama Mizani alitia mkono mfukoni mwa koti la maabara, akatoa karanga kumi na mbili kutoka trei iliyotangazwa kuwa tayari, akaziweka mezani mbele yake. Wastani alizitazama kama mtu anayetazama hati ya kuitwa mahakamani. Akachukua moja, akaivunja. Ganda lililia kavu. Akabonyeza kiini kwa kucha, na kucha ikazama. Akavunja ya pili. Ya tatu. Alivunja zote kumi na mbili, akizipanga mstari, laini huku na ngumu huku. Huku kwa ngumu kulibaki na moja tu.

Alijipangusa maganda mikononi.

"Trei tatu ni hadithi, si ushahidi," alisema hatimaye, kwa sauti ya ukali uliopungua. "Nitasaini kwa hadithi? Nataka thelathini. Kumi zenye maganda, kumi zilizomenywa, kumi mchanganyiko. Na trei ipi ipate karanga zipi, tutapiga kura, usichague kwa mkono wako wenye huruma."

"Kesho saa moja."

"Saa moja na nusu. Mimi ni mzee."

Nyumbani, mume wake, fundi bomba, alimsikiliza akila, miguu yake iliyovimba kwa kutwa nzima ya ngazi ikiwa juu ya kiti cha pili. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Mimi nikifunga bomba likavuja," alisema, "mwenye nyumba ananipigia kabla sijafika kona. Lenu linavuja miaka kumi na mitatu, na mnapandishwa vyeo."

"Usinichekeshe, baba."

"Sichekeshi. Nauliza. Ukilifunga, uprofesa unaondoka?"

"Huenda."

"Unautaka?"

"Nautaka," alisema Mama Mizani. "Nautaka sana. Nataka vibarua wale wale walioniona nikifagia ghala waje waseme Profesa Mizani, niwakemee waache."

Mume wake aliitikia kwa kichwa. Hakusema lolote la kumfariji, naye akamshukuru kwa hilo. Alichukua sahani zote mbili akaenda kuziosha.

Alhamisi ilikuwa ya jua kali, jua la kazi. Trei thelathini zilipangwa juu ya meza za mbao nje ya maabara, kila moja na namba yake ya kura. Wastani alivaa kofia ya majani na kushika daftari. Mama Mizani alipima. Saa ya kwanza, saa ya pili, saa ya tatu. Vibarua walipita wakauliza kama chuo kimefungua soko la karanga. Wastani akawajibu kwamba bei ni swali moja la takwimu, wakakimbia. Kila jedwali liliposema tayari, sampuli iliingia tanurini. Saa kumi na moja jioni mlango wa tanuri ukafungwa na funguo zikaingia mfukoni kwa Wastani. Alisema anamwamini shemeji yake, ila takwimu hazimwamini mtu.

Ijumaa asubuhi alikuja nazo dakika ishirini kabla ya wakati. Walipima moja moja. Zilizomenywa zilikuwa saba, nane, saba na nusu, salama zote kumi. Zenye maganda zilikuwa kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne. Hata moja haikuwa salama. Mchanganyiko ulikuwa mchanganyiko.

Wastani alipiga hesabu yake mara mbili. Kisha akavuta karatasi ya sahihisho.

"Umeandika *kosa lilitokea wakati wa uchapaji*," alisema akisoma.

"Ndiyo."

"Si kweli. Uchapaji haukukata neno. Tulikata sisi ili lienee." Akafuta mstari ule kwa kalamu, akaandika juu yake: *Waandishi walilipunguza jedwali ili lienee ukurasa mmoja, wakaondoa neno lililohitajika.* Akatia sahihi, jina lake lote mpaka la babu. "Kama ni kuvuliwa nguo, tuvuliwe zote. Nusu uchi ndiyo aibu."

Mama Mizani alikaa kuandika ukurasa wa kamati. Ulimchukua saa mbili, kwa sababu kila sentensi aliirudia mpaka ikabaki na uzito wake tu. Aliandika kwamba makala imenukuliwa mara mia sita na kumi na mbili. Kwamba mara mia tatu hamsini na nne ilitajwa kwa kupita, nyingi zikinakiliwa kutoka kwa mtu mwingine. Kwamba mara hamsini na moja ilinukuliwa kwa mambo isiyoyasema, wakiwemo fukusi. Kwamba mara mia mbili na saba ilitumika, na sababu yake ni jedwali rahisi la ukurasa mmoja. Kwamba jedwali hilo, katika safu ya tano, lina kosa lililotokana na urahisi huohuo, na kosa hilo ni la waandishi. Sahihisho limetumwa kwa jarida leo. Nakala imeambatishwa.

Saa tisa na robo alikuwa mbele ya meza ya katibu. Katibu alisoma ukurasa wote akiwa amesimama, jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, halikuwa kazi yake.

"Umejichongea, dada yangu."

"Nimejibu swali."

"Wanaweza kuirudisha faili. Wanaweza kusema lete safari ijayo, na wewe safari ijayo hupo. Bado una dakika arobaini na tano. Ukurasa huu ukiukunja ukautia mkobani, mimi sikuuona."

Mama Mizani aliutazama ukurasa. "Gonga muhuri," alisema.

Katibu aligonga. Muhuri ulitoa mlio mmoja mfupi, na faili ikaenda kwenye rafu pamoja na nyingine, haina tofauti nazo kwa nje.

"Watakuita kujieleza," katibu alisema.

"Wanajua nilipo. Waje na muda, maana nina kadi mia sita na kumi na mbili za kuwaonyesha."

Katibu alicheka bila kutaka, akaziba mdomo.

Nje ya maabara Wastani alikuwa ameanza bila yeye. Sahihisho lilisema tu kwamba safu ya tano isitumike kwa karanga zenye maganda. Halikusema kitumike nini badala yake, na mkulima mwenye turubai hawezi kuanika neno usitumie. Ilihitajika safu mpya, na safu hiyo ilitaka karanga mbichi, trei sita, kupimwa kila saa, kuvunjwa ganda na kuonwa kiini, siku moja baada ya nyingine, za jua kali na za mawingu. Wastani alikuwa ameshachora mistari kwenye daftari, safu sita chini na saa kumi kwenda kulia, zote tupu isipokuwa saa tatu za mwanzo.

"Faili?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Imeingia."

"Na ukurasa wako?"

"Ndani yake."

"Haya. Trei ya kwanza, saa ya nne. Pima."

Alipima. Kati ya kipimo na kipimo aliketi kwenye benchi na kompyuta magotini, akiwaandikia wale ishirini na saba, mmoja mmoja, kila barua kivyake, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameanika kwa namna yake. Wa kwanza aliyeandikiwa alikuwa yule wa picha. Alimwambia ghala lake halikuvuja. Alimweleza ganda na kiini, akamwomba alibandue jedwali ukutani leo, au kama halibanduki, aipige mstari mwekundu safu ya tano. Wa pili alikuwa mwanafunzi ambaye tasnifu yake yote ilisimama juu ya safu ile. Barua hiyo aliiandika pole pole kuliko zote, akamwahidi kumpa vipimo vyote thelathini avitumie kama vyake. Wa tatu barua pepe yake ilirudi, anwani haipo tena. Aliandika pembeni mwa jina: *mtafute kwa chuo chake*.

Kabla ya saa ya tano kufika, kivuli cha paa la ghala kilifika kwenye meza za trei. Kikagusa ya kwanza, ya pili. Wastani alijaribu kuvuta meza mbele, akavuta hatua mbili, kivuli kikaja nyuma yake bila haraka.

"Basi," alisema Mama Mizani. "Kipimo cha kivulini kitatudanganya. Acha saa ya tano wazi."

"Kesho Jumamosi, shemeji."

"Jua halijui Jumamosi."

"Mimi naijua. Wajukuu wanakuja kwangu."

"Wana mikono?"

Wastani alivua kofia, akajipepea nayo. "Wana mikono ishirini, na yote inakula karanga. Utapoteza sampuli."

"Tutahesabu zilizoliwa, tuziweke kwenye jedwali."

Walizifunika trei kwa shuka safi, wakaingiza kila moja kwenye rafu ya chumba cha mizani, namba zikitazama nje. Kabla ya kufunga, Mama Mizani alirudi kwenye kompyuta. Barua ya tisa ilikuwa imesimama katikati ya mstari: *Ndugu, katika makala yako hukueleza kama karanga zilikuwa...* Mume wake alikuwa ameshafika getini na pikipiki, akipiga honi fupi fupi. Aliihifadhi barua ilivyo, akazima, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa maabara: *Saa mbili kamili. Trei ya kwanza hadi ya sita, saa ya tano. Barua 9–27.*